Kaunta ya Saa

Seremala aliligonga kabati mgongoni kwa kiganja, kama mtu anayempigapiga mtoto aliyepaliwa, kisha akatoa uamuzi wake: kabati halina kosa, mlango wa huko linakokwenda ndio mwembamba.

"Sasa mlango nitaufanyaje, fundi?" akauliza binti wa nyumba ile. Alikuwa amepata chumba cha kuuzia vipodozi kando ya barabara, na alitaka kabati la vioo la mama yake likakae mbele, wateja waone bidhaa kabla hawajauliza bei. "Mwenye jengo hataki hata nipigilie msumari."

"Basi tulikate miguu."

"Halikatwi," akasema mama mtu kutoka kwenye kochi. "Fungua kitako, ukakifungie hukohuko."

Alilisema hilo kwa sauti ambayo watu wazima waliwahi kuikimbia. Miaka ishirini na sita alisimamia ghorofa ya chini ya Duka la Ghorofa, penye manukato, saa na vito, na kila siku alitembea na rula ya mbao mkononi akinyoosha mistari ya bidhaa, na mara nyingine wafanyakazi pia. Wakamwita Madamu Rula. Duka lilikuwa limekufa miaka minane iliyopita, matawi yake yote tisa kwa mpigo mmoja, lakini jina halikufa. Mwenye duka la dawa alimwita Madamu Rula, na watoto wa jirani vilevile, ambao hawakupata kuingia dukani humo hata siku moja.

Kabati lilikuwa limesimama kwenye kaunta ya saa mpaka siku ya mnada. Mumewe, aliyekuwa dereva wa lori la Duka, ndiye aliyelinunua. Na si kabati tu. Mapazia ya sebuleni yalitoka ghorofa ya pili, sahani zilitoka kwenye banda la vyombo chini ya ngazi, na kitanda cha wenyewe kilikuwa kile cha maonyesho cha dirishani, kilichopunguzwa bei kwa sababu jua lilikichubua upande mmoja. Mtaani walisema kwa utani kwamba Duka halikufungwa, lilihamia kwa Madamu.

Seremala alilegeza skrubu moja baada ya nyingine, akavuta kitako. Vumbi likamwagika sakafuni, na ndani ya vumbi pini za nywele, vipande vya risiti na kitana kilichong'oka meno. Kisha kikaanguka kitu kizito kidogo, kikalia kama sarafu.

"Mama, hongereni," akasema seremala. "Kabati limezaa."

Ilikuwa saa ya mkono ya kike, ya dhahabu, na lebo ya bei bado ilining'inia kwa uzi mweupe. Madamu Rula hakuhitaji kuinuka. Kutoka pale kwenye kochi aliziona saba mbili kwenye lebo, zimepigwa mstari katikati kama anavyozipiga yeye.

Binti aliokota saa, akaifuta kwa pindo la kanga. "Mama. Hii si ndiyo ile aliyoiba dada Kipepeo?"

"Hiyo ni bandia. Zilikuwa zinawekwa kwa maonyesho."

"Mbona ina lebo?"

"Lete hapa."

Akaipokea, akaifumbata. Seremala alikuwa amerudi kwenye skrubu zake kwa bidii, kama fundi anayejua kwamba nyumba za watu zina mambo. Binti alibaki amechutama palepale kwenye vumbi. Alipokuwa mtoto alipitia Dukani kila alipotoka shule, na Kipepeo, muuzaji wa kaunta ya saa, alikuwa akimvalisha saa kubwa za kiume, moja baada ya nyingine mpaka kwenye kiwiko, wakacheka wote wawili. Siku moja Kipepeo hakuwepo tena, na alipouliza, mama yake alimjibu neno moja tu: ameiba.

"Fundi, endelea na kazi," akasema Madamu Rula, ingawa fundi hakuwa amesimama.

Mumewe alirudi jioni. Siku hizi aliendesha gari la shule, na alipoingia sebuleni bado alikuwa na kelele za watoto masikioni, akisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alinawa, akaketi, akaiona saa kando ya sahani yake.

"Nini hiki?"

"Ile saa."

Hakuuliza saa ipi. Aliitazama muda, bila kuigusa. "Ilikuwa wapi?"

"Kwenye kitako cha kabati. Kuna ufa nyuma ya droo. Iliteleza ikaingia humo."

"Kwa hiyo ilikuwa humu ndani."

"Ilikuwa humu."

"Miaka minane tunakula mbele yake." Akachukua kijiko, akakiweka. "Sikiliza, mke wangu. Duka lenyewe limeshazikwa. Meneja alihama, hata anakoishi hatujui. Utamrudishia nani? Kumkosea mtu bila kujua si dhambi ya kujiua nayo."

Alikuwa anataka kumpa pa kutokea. Angeweza kupitia hapo na mambo yakaishia mezani. Lakini mzee aliendelea, kwa kuwa naye alikuwa na lake.

"Mimi ndiye niliyempeleka kwao siku ile. Meneja aliniita, akasema mtoe huyu kwa mlango wa mizigo. Nikampakia mbele. Njia nzima hakulia. Tulipokaribia mtaa wao akaniambia, kaka, nishushe hapa, wasilione lori. Nikamshusha. Nimelala na maneno hayo muda wote huu, sikukuambia. Nikawa najipa moyo, nikisema, lakini alionekana. Mke wangu alimwona kwa macho yake akitia mkono kwenye mfuko wa aproni."

Madamu Rula alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza. Alikinyoosha mpaka pembeni, akarudi katikati.

"Sikumwona."

"Unasemaje?"

"Sikumwona akitia mkono popote. Meneja alisema kama hakuna aliyeona, basi msimamizi wa ghorofa ndiye atakayejibu. Alinipa mpaka saa sita mchana nikumbuke vizuri. Nyumba hii ilikuwa haijaezekwa. Mtoto alikuwa anaingia sekondari..."

"Usimtie mtoto humu."

Hakupandisha sauti. Alibeba sahani yake ikiwa imejaa, akaipeleka jikoni, kisha akatoka nje akaketi ndani ya gari la shule, nyuma ya usukani, bila kuliwasha. Aliporudi ndani alichukua mto wake chumbani, akaja kulala kwenye kochi.

Kabati lilikuwa limeegemezwa ukutani bila kitako. Dukani, Madamu alikuwa na ujanja wake: akisimama karibu na nguzo ya manukato, vioo vya kabati lile vilimwonyesha mikono ya wauzaji bila wao kujua wanatazamwa. Asubuhi, alipopita na chai ambayo mumewe hakuinywa, aliona kwenye vioo vilevile mikono ya mwanamke mzee imeshika kikombe. Akazungukia upande wa pili wa meza.

Alijipa kazi. Mtu wa utaratibu, kosa lake lazima lipitie ofisini. Barua ya kumfukuza Kipepeo ilikuwa na nembo na muhuri. Basi iandikwe nyingine, yenye nembo na muhuri, inayosema kwamba ile ya kwanza ilikosea. Mambo ya Duka yalikuwa mikononi mwa mfilisi, na ofisi ya mfilisi ilikuwa ndani ya jengo lenyewe, kwenye chumba kilichokuwa cha mafundi cherehani.

Aliingia kwa mlango wa mizigo. Mlinzi alimruhusu apite ghorofa ya chini, penye giza, madirisha yakiwa yamepigwa mabati. Sakafu ilikuwa na alama nyeupe mahali kaunta zilipokaa, kama ngozi iliyofunikwa na bandeji. Hapakuwa na kitu kingine. Alipofika ngazini ndipo alipogundua kwamba hakuvuka moja kwa moja. Miguu yake ilikuwa imezunguka kaunta ya manukato, ikapinda kwenye mikanda, ikapunguza mwendo kwenye saa.

Karani wa mfilisi alikuwa mwanamke mwenye mafua, leso mkononi, faili zimemzunguka mpaka mabegani. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, kampuni haipo. Barua ataandika nani?"

"Ninyi si ndio mnaosimama badala yake?"

"Sisi tunashughulikia mali na madeni. Jina la mtu si mali, wala si deni." Akapenga kamasi. "Ila hiyo saa ni mali. Hiyo unatakiwa uikabidhi. Kuna fomu."

Akavuta fomu, akaanza kujaza huku akisoma kwa sauti. "Maelezo ya kitu: saa ya kike. Mahali ilipokuwa: nyumbani kwa aliyekuwa msimamizi wa ghorofa. Muda: miaka minane. Ndivyo?"

"Ilikuwa ndani ya kabati. Sikujua."

"Kabati la nani?"

"Langu."

"Ndiyo hivyo nimeandika."

"Ukiandika hivyo, mtu akisoma ataona mimi ndiye mwizi."

Karani alimtazama kwa macho mekundu ya mafua, bila ubaya wowote. "Mama, mimi naandika unachosema. Hapa kuna nafasi ya mstari mmoja tu."

Madamu Rula alirudisha kalamu mezani bila kutia sahihi, akaifunga saa kwenye leso yake, akaitia mkobani, akashuka. Mlinzi wa mlangoni, kwa desturi ya kazi tu, alimwomba afungue mkoba. Akaufungua. Kijana wa watu alichungulia juujuu, akamshukuru, na Madamu alisimama nje juani kitambo kirefu, mkoba bado umeachama.

Binti ndiye aliyemwelekeza kwa Kipepeo. "Anafua bwenini kwa wanafunzi wauguzi, nyuma ya hospitali."

"Umejuaje?"

"Huwa namsalimia. Sikukuambia, nilijua hutapenda." Kisha, bila kumtazama, "Baba ameniambia. Na kabati sitalichukua, mama. Nitatafuta meza."

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni ya unga. Mwanamke aliyekuwa anapiga pasi mashuka alikuwa mnene kuliko Madamu alivyomkumbuka, na kitambaa cha kichwani kilikuwa cheusi; zamani alivaa cha rangi tofauti kila siku, ndiyo maana wakamwita Kipepeo. Aligeuka, akamwona, akaisimamisha pasi kwa kitako chake.

"Madamu."

"Kipepeo, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Shika ncha hiyo."

Madamu alishika. Walilivuta shuka likakakamaa, wakalikunja mara mbili, wakasogeleana kuzikutanisha ncha. Vidole vikagusana. Wakaachana, wakachukua jingine. Walikuwa kwenye shuka la tatu Madamu alipopata sauti.

"Saa imepatikana."

Kipepeo aliendelea kukunja.

"Ilikuwa imedondokea kwenye kitako cha kabati. Juzi fundi alikifungua. Ninayo hapa."

"Sitaki kuiona."

"Nimekuja kukuomba..."

"Ngoja kwanza, Madamu. Nikuulize mimi." Kipepeo aliliweka shuka juu ya meza, akalisawazisha kwa mikono miwili. "Uliniona? Siku ile ulisema mbele ya watu kwamba uliniona. Nimekaa miaka kumi na moja nikiwaza, labda niliinua mkono kujikuna, akadhani. Labda nilitia leso mfukoni. Nimeyarudia mambo ya asubuhi ile mpaka sijui tena nilifanya nini. Unajua nilifika mahali nikajipekua mwenyewe? Nilipasua godoro langu. Nikasema labda niliichukua nikasahau, labda nina ugonjwa. Kwa sababu Madamu hawezi kusema ameona kitu ambacho hakukiona. Madamu yule, wa kunyoosha hata chupa za manukato. Sasa niambie. Uliniona?"

"Sikukuona."

"Hukuniona vizuri, au hukuniona kabisa?"

"Kabisa."

Kipepeo aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Pasi ilikuwa inatoa mlio mdogo. Aliichomoa kwenye umeme.

"Mama yangu aliugua miezi mitano," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namwosha. Kila nikiingia chumbani, anaushika mkoba wake anauingiza chini ya mto. Hakuwa na kitu ndani ya mkoba ule, dawa na kitambulisho tu. Hakunisema hata siku moja. Ila mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Amekufa hivyo."

Madamu Rula alianza kulia. Kipepeo alimwacha alie, akakunja foronya nne, akazipanga.

"Jumapili mna kikao chenu," akasema hatimaye. "Watu wa Duka. Nasikia wewe ndiye mwenyekiti."

"Ndiyo."

"Nenda ukawaambie. Usiseme saa imepatikana, watasema bahati mbaya, watapiga makofi. Waambie ulisema uongo. Mimi sitakuja, ila nitajua kama umesema."

Waliokuwa wafanyakazi wa Duka la Ghorofa walikutana darasani, kwenye shule ya msingi iliyowakopesha chumba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na kwa desturi waliitana kwa idara. Viatu? Tupo. Mapazia? Tupo wawili, mmoja mgonjwa. Vyombo? Tupo. Baadhi yao bado walibandika kifuani beji za kazini, na wakianza kukumbuka walikumbuka kama wafiwa: ngazi ya umeme siku ilipowashwa, taa za dirishani mwisho wa mwaka, foleni iliyofika barabarani. Aliposoma "Saa na vito", Madamu Rula mwenyewe ndiye aliyezoea kujibu, kwani wengine hawakubaki.

Safari hii hakujibu. Alilifunga daftari la majina.

"Kuna jambo," akasema. "Mnamkumbuka Kipepeo."

Wakaguna. Mtu wa Viatu akasema, "Mwenye mkono mwepesi," na wachache wakacheka.

"Saa ile haikuibiwa. Imekutwa ndani ya kabati. Na mimi nilisema nilimwona akiichukua. Sikumwona. Nilisema uongo ili nisifukuzwe mimi."

Kicheko kilikatika nusu. Kwa muda kilichosikika ni dawati moja tu likilalamika chini ya mtu mnene. Kisha mwanamke wa Mapazia, aliyempenda Madamu, akasema kwa upole, "Wakati ule wote tulikuwa na hofu, Madamu. Menejimenti walikuwa watu wabaya. Usijibebeshe peke yako."

"Ni mambo ya zamani," akasema mwingine. "Duka lenyewe liko wapi?"

"Hiyo saa iko wapi?" akauliza mtu wa Viatu. "Maana Duka lilituacha bila haki zetu. Ingeuzwa tukagawana, mimi sioni kosa."

Na hapo mjadala ukapata uhai. Wengine wakasema ni mali ya mfilisi, wengine wakasema mfilisi amekula vya kutosha. Madamu alisimama mbele ya ubao wenye majedwali ya kuzidisha, akiwatazama wanavyokimbilia saa na kumwacha Kipepeo. Mzee mmoja tu hakusema kitu. Alikuwa mkuu wa walinzi siku zile. Yeye ndiye aliyemwaga mkoba wa Kipepeo juu ya kaunta wateja wakitazama, vitu vyake vyote vya kike, akavipitia kimoja kimoja. Alitoa beji yake kifuani, akaiweka juu ya dawati, akatoka. Walimwita. Hakurudi.

Madamu aligonga meza kwa kiganja. "Nimesema nilisema uongo," akarudia. "Yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kama nilivyosema. Na mwenyekiti mtafute mwingine."

Katibu aliuliza kama kuna ulazima wa kuandika. Akamwambia upo, akasimama nyuma yake mpaka neno la mwisho.

Jumatatu alirudi kwa mfilisi, akaikabidhi saa, akatia sahihi kwenye ule mstari mmoja kama ulivyokuwa umeandikwa. Nyumbani mumewe alikuwa ameanza kuzungumza naye tena, ila kuhusu vitu tu: mtungi wa gesi, bomba linalovuja, funguo ziko wapi. Alikuwa amerudi kulala kitandani, upande wa ukutani, mgongo wake ukiwa mlima. Usiku mmoja, akidhani mumewe amelala, Madamu alisema, "Nimewaambia." Akajibu gizani, "Nimesikia," basi.

Jumatano simu ililia.

"Wamenipigia watu saba," akasema Kipepeo. "Wote wanataka kujua saa ilikuwa na thamani gani. Hakuna aliyesema pole. Lakini umesema. Nimejua."

"Mwanangu..."

"Kuna mtu mmoja bado. Mama mkubwa, dada yake marehemu mama. Ndiye mkubwa wetu aliyebaki, na mimi naishi naye. Kesho saa kumi uje."

Ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vingi vya kupanga, ukumbi mmoja katikati na milango pande zote. Saa kumi watu wengi walikuwa nje ya milango yao: mmoja anachambua mboga, mwingine anasukwa nywele, mwanamume mmoja na redio mbovu mapajani. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mwisho wa ukumbi, bibi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kipepeo alimletea Madamu kigoda. Akiwa amekaa hapo alikuwa chini ya magoti ya yule bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyu?"

"Ni Madamu wa Dukani, mama mkubwa," akasema Kipepeo. "Ana neno."

"Aseme kwa nguvu. Masikio yangu yameshachoka."

Madamu Rula aliangalia ukumbi, akasogea. "Mama, nimekuja kuomba radhi. Saa ile, mtoto wenu hakuichukua."

"Nini?"

"Hakuichukua saa."

"Nani hakuichukua?"

Mwenye kusuka alisimamisha vidole. Madamu alivuta pumzi. "Mtoto wenu. Hakuiba. Mimi nilisema nilimwona, na sikumwona."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, mama."

"Sikusikii. Paza sauti."

Mwanamume aliizima redio. Sasa ukumbi wote ulikuwa kimya, na kutoka kwenye vyumba vya ndani watu wawili watatu wakachungulia, wakadhani kuna msiba. Sauti iliyowahi kufika mpaka ghorofa ya pili bila kipaza ilikuwa imemkauka Madamu kooni. Aliisukuma ikatoka imepasuka.

"Nilisema uongo. Mtoto wenu hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyesema uongo, akafukuzwa kwa uongo wangu."

"Rudia," akasema bibi.

Akarudia. Mara ya nne alikuwa anapiga kelele kabisa, machozi yakimtiririka, na maneno yaligonga milango upande huu na ule yakarudi kwake. Kipepeo alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, anatazama dari.

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upande wa nguo, akaivaa tena. Akasema kwa sauti ya kawaida, hata ya chini kidogo, "Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka na hawa wasikie. Hawa ndio tunaokaa nao."

Mwanamke wa mboga alikuwa ameshika kisu hewani.

"Haya," bibi akamwambia Kipepeo. "Mpe mtu maji. Koo limemwuma."

Kipepeo hakutoka ukutani mara moja. Kisha aliingia chumbani, kikasikika kifuniko cha ndoo, akatoka na kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Alikishika mbele ya Madamu kwa mkono mmoja, uso kando, akasubiri. Madamu Rula alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, polepole, ukumbi mzima ukimtazama, kwa sababu hakujua angefanya nini akimaliza.